Gari la mtumba hununuliwa mara mbili

Gari likiingia Kahama au Geita mikononi mwa mmiliki mpya, mizunguko yake ya kwanza mjini inajulikana. Linaoshwa, linapigwa polishi, kisha linapelekwa kwa vijana wa mapambo: tinti kwenye vioo, rimu zinazong'aa, viti vinavishwa upya, spika mbili zinafungwa nyuma. Jioni linaegeshwa nyumbani na majirani wanakuja kumpongeza mwenyewe. Wiki inayofuata linaanza kazi. Linageuka mchomoko wa abiria kati ya Katoro na Geita, au linabeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka duarani, au linaipeleka familia msibani Ushirombo. Katika siku zote hizo hakuna mtu aliyeingia chini yake na tochi.

Nasema wazi kwamba hapa ndipo tunapokosea. Gari la mtumba hununuliwa mara mbili: kwanza kwa muuzaji, pili kwa fundi. Ununuzi wa pili unapaswa kufanyika mwanzoni, kwa mpangilio, na kwa fedha iliyotengwa kabla ya kumlipa muuzaji. Aliyemkabidhi muuzaji shilingi yake ya mwisho bado hajamaliza kununua gari.

Tuangalie linakotoka. Magari mengi madogo tunayoyaona Shinyanga na Geita, IST, Probox, Vitz, Noah, Premio, yametoka Japani. Sheria ya huko inataka gari dogo jipya likaguliwe na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama zake, na kadiri gari linavyozeeka ndivyo matengenezo ya kulivusha yanavyopanda. Wenye magari wengi huamua kuyauza kabla ya ukaguzi unaofuata. Magari yanapita mnadani, yanapewa alama kama 4 au 3.5, au herufi R kwa lile lililowahi kugongwa na kutengenezwa, kisha yanapakiwa melini kuja Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, gari ulilolipenda kwenye picha za simu mara nyingi limeuzwa kwa sababu mwenyewe aliona zamu ya kulitengeneza imekaribia. Bahari haikuifuta zamu hiyo. Imehamia kwako.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Tanzania tulichagua njia nyingine: gari kuukuu linaingia, lakini linatozwa ushuru wa ziada wa umri juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18. Uamuzi huo umewawezesha watu wengi wa kipato cha kati kumiliki gari, nami siupingi. Lakini tuone unavyofanya kazi mfukoni mwa mnunuzi. Anayechukua gari la zamani ndiye mwenye akiba ndogo, na ndiye anayelipa ushuru wa umri. Gari linalohitaji matengenezo mengi linamfikia mtu aliyebakiwa na fedha kidogo kuliko wote.

Wapo pia wasioagiza Japani, na kwetu ni wengi. Duara likitema, au pamba na mpunga vikiuzwa vizuri, mtu anampigia dalali simu na wiki hiyohiyo analetewa gari la usajili wa namba D lililokwishapita mikono ya watu watatu. Hili lina faida moja: limeshazoea barabara zetu. Lina pia hatari yake: kila aliyelimiliki aliliuza alipochoka kulitengeneza. Kilomita zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, taa ya onyo kwenye dashibodi inaweza kuwa imekatwa waya, na oili nzito inaweza kuwa imetiwa jana yake ili injini isipige kelele wakati wa majaribio. Mnunuzi anasikiliza injini kwa dakika chache, anafurahi, anahesabu noti. Watu wa Shinyanga wanajua kununua vizuri kuliko hivyo. Mnadani hakuna anayelipia ng'ombe kabla ya kumfungua mdomo ahesabu meno, kumtazama kwato na kumtembeza. Gari linastahili kufunguliwa mdomo vilevile.

Ukaguzi wa kwanza uanze chini, kwenye tairi. Kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Shinyanga ni karibu kilomita 1,000, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, na magari mengi husafirishwa kwa kuendeshwa. Yanakimbizwa kwenye lami yenye joto kali kwa tairi zilezile yalizotoka nazo Japani. Baadhi ya tairi hizo ni za theluji. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kushika barafu, na ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Ukiziona unaweza kudhani ni mpya, maana meno yake ni marefu. Kwenye lami ya moto mpira huo hupata joto haraka, huisha upesi, na gari huyumba kwenye kona na wakati wa kufunga breki.

Hata tairi ya kawaida ina umri wake. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 3518 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, na nyufa ndogo karibu na rimu ni dalili ya kutosha. Tairi iliyozidi miaka 10 haifai kubeba mtu, hata kama meno yake bado yapo. Kuzisoma tarakimu hizo ni bure na hakuhitaji fundi. Kila anayenunua gari azisome kwenye tairi zote tano, pamoja na ile ya akiba, kabla ya kupatana bei.

Baada ya tairi ni breki na usukani. Pedi hupimwa kwa macho gurudumu likifunguliwa. Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewani kadiri miaka inavyokwenda, na yenye maji huchemka mapema gari linapofungwa breki mfululizo. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Gari lililokaa yadini, likasafiri baharini, likakaa tena bandarini, aghalabu limepitisha muda huo. Kuhusu miguu ya gari, barabara zetu hazitaki maelezo. Njia ya kutoka Kahama kwenda Geita kupitia Kakola ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na ukiacha lami kuelekea Nyarugusu, Rwamgasa au Mgusu unakutana na matuta madogo yaliyopangana kama bati. Huko ndiko bushi zinakopasuka, boljointi zinalegea na shokapu zinavuja. Mlio wa kugonga chini unaosikika ukipita tuta la polisi ni kasoro ya bei ndogo leo. Boljointi ikichomoka gari likiwa kasi, gurudumu hulala na usukani hautii tena.

Vumbi nalo lina kazi yake ya kimyakimya. Eya klina iliyoziba huinyima injini hewa, na iliyochanika huingiza mchanga hadi kwenye silinda. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kufuata kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Anayezunguka machimboni hawezi. Ukanda wetu wa dhahabu unadai eya klina ikaguliwe kila oili inapomwagwa, na kubadilishwa mapema.

Kisha tufike kwenye jambo linalovunja magari mengi zaidi kuliko tunavyokiri: maji ya rejeta. Injini hutakiwa kufanya kazi ikiwa na joto la kiasi maalumu, na thamostati ndiyo mlango unaolinda kiasi hicho. Katika injini nyingi za Toyota hufunguka kwenye kama nyuzi 82 za Selsiasi. Mfuniko wa rejeta nao hubana shinikizo ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Mfuniko huo ni miongoni mwa vifaa rahisi kabisa kwenye gari, na mpira wake ukichoka gari huanza kuchemsha kwenye mlima au kwenye foleni. Fundi asiyetaka kutafuta chanzo huchukua njia ya mkato: anang'oa thamostati na kuitupa, anaunganisha feni iwake moja kwa moja, anajaza maji ya kisima. Mshale wa joto unashuka na mwenye gari anashukuru.

Alichopewa ni deni. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto na barabarani hubaki ya baridi, kompyuta inaona baridi hiyo na kuongeza mafuta, na kituo cha mafuta kinafaidika kila siku. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta na hula alumini. Baada ya miezi kadhaa gari linachemsha kwelikweli, silinda hedi ya alumini inapinda, gasketi inaungua. Kasoro ya mfuniko imegeuka kazi ya kufungua injini nzima. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kuisafisha rejeta, mfuniko mpya, thamostati sahihi, na kulenti badala ya maji matupu.

Oili ya injini na haidroliki ya gia zibadilishwe mara gari linapofika, hata kama muuzaji anaapa kwamba zimebadilishwa, kwa sababu bila risiti hakuna anayejua kilichomo. Hapo pana mtego. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana gia boksi za CVT, ambazo hutaka oili yake maalumu. Ukimimina haidroliki ya kawaida ya gia za otomatiki, gari litatembea leo na kesho, kisha gia boksi itaanza kuteleza na hatimaye kufa. Jina la oili sahihi limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingine kwenye kijiti cha kupimia. Fundi aliyezoea gia za zamani aulizwe kwa heshima kabla hajafungua chupa.

Zipo pia taa za dashibodi. Taa ya injini ikiwaka, wengi hutafuta mtu wa kuizima. Wengine huambiwa tatizo ni masega ya ekzosi, yanang'olewa na kuuzwa, na taa inaendelea kuwaka kwa sababu sensa iliyo nyuma yake sasa haioni kitu. Taa hiyo ni shahidi. Isomwe kwa mashine, msimbo uandikwe kwenye karatasi, ndipo tujadiliane ni spea gani ya kununua.

Taa ya mifuko ya hewa ya usalama ina uzito zaidi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo vilipuzi vyake vikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu vinaweza kupasuka kwa nguvu na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Vilipuzi vipatavyo milioni 100 viliitwa kubadilishwa duniani, kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017, na magari yaliyohusika ni pamoja na ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda ya miaka ya 2000, umri uleule wa magari tunayonunua. Namba ya chesesi inaweza kuingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ili kuona kama gari limo kwenye orodha na kama lilishabadilishiwa. Ni kazi ya dakika chache kwenye simu. Kila yadi inayouza magari hayo ingepaswa kumfanyia mteja wake bila kuombwa.

Najua jibu nitakalopewa: fedha haitoshi kufanya yote hayo kwa pamoja. Ni kweli, na ndiyo sababu nasisitiza mpangilio. Kinachosimamisha gari na kinacholielekeza kije kwanza: tairi, breki, usukani, miguu, taa za mbele na za nyuma, mikanda ya abiria wote. Kinacholinda injini kifuate: oili, eya klina, mfumo wa maji, belti. Cha tatu ni kile kinachokula fedha polepole, kama plagi zilizochoka na sensa. Mwisho kabisa ni kile kinachoudhi tu. Redio ya Kijapani inayoanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, inaudhi kwelikweli, na sauti ya yule mwanamke anayerudia kila asubuhi kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa inaudhi pia. Haziui. Mkwaruzo kwenye mlango hauui. Vikae vikisubiri mpaka pale gari litakapokuwa limejilipia lenyewe.

Ushauri wangu kwa anayepanga kununua ni kutenga angalau sehemu moja ya kumi ya fedha zake kwa ajili ya fundi na spea. Kama fedha ya kutenga haipo, basi gari lile ni kubwa kuliko uwezo wake, na liko dogo zaidi litakalomtosha. Anayenunua Vitz na kuikamilisha amefanya busara kuliko anayenunua Harrier na kuiacha na tairi za theluji.

Tuseme pia kuhusu mafundi, maana ni rahisi kuwalaumu. Gereji nyingi za Shinyanga, Kahama, Katoro na Geita ni zile tunazoziita bubu: chini ya mwembe, hazina shimo la kukagulia wala mashine ya kupima. Ndani yake wamo mafundi wenye vipaji vikubwa, waliojifunza kwa kumshikia mkubwa spana tangu wakiwa vijana wadogo. Tatizo la kwanza liko kwetu wateja. Tunakubali kumlipa fundi anapofungua na kufunga nati, lakini tukiambiwa anataka nusu siku ya kutafuta chanzo cha mlio, na kwamba nusu siku hiyo ina bei, tunahamia kwa mwingine. Basi fundi anajifunza kubahatisha. Anabadilisha koili, haikuwa koili. Anabadilisha pampu ya mafuta, haikuwa pampu. Na kila jaribio linalipwa na mwenye gari. Tungelipia kupima, tungenunua spea chache. Tumzoeze fundi kutupa vitu vitatu kila kazi inapoisha: jina la tatizo, kifaa cha zamani kilichotolewa, na karatasi yenye tarehe na kilomita. Fundi mzuri hatakataa, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayomtangaza.

VETA ina vyuo Shinyanga na Geita, na ina utaratibu wa kuutambua rasmi ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi wa mtaani hupimwa, hujazwa pale alipopungukiwa na kupewa cheti. Utaratibu huo upelekwe hadi Katoro, Masumbwe na Kakola, uwafuate mafundi walipo, na mafunzo ya kusoma kompyuta za magari yawe sehemu yake. Halmashauri zinazokusanya ushuru kutoka kwenye gereji hizo zina wajibu wa kuzipa eneo lenye sakafu ya saruji na mashimo ya kukagulia.

Muuzaji naye ana deni lake. Shirika la Viwango Tanzania hukagua magari ya mtumba yanayoingia nchini, lakini ukaguzi huo unaeleza hali ya gari siku ile. Hauahidi kitu juu ya mwezi ujao, wala haulihusu gari linalouzwa kwa mara ya tatu mjini Kahama. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yenye mizizi katika sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, kwa ujumla humwachia mnunuzi mzigo wa kasoro ambazo angeziona kama angekagua vizuri kitu alichokikagua. Anayeuza kwa maelezo ya uongo ni habari nyingine, na Tume ya Ushindani, FCC, imepewa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa namna hiyo. Lakini mlaji asiye na maandishi hana cha kupeleka mbele ya tume. Kwa hiyo mkataba wa mauzo uwe na ukurasa wa kasoro: muuzaji aandike anachokijua kuhusu injini, gia, ajali za nyuma na taa zinazowaka, atie saini. Dalali anayekataa kuandika amekwishasema yote uliyohitaji kujua.

Katika jambo hili ukanda wetu hauna udhuru wa kusema haujui. Katika migodi mikubwa hapa, dereva haruhusiwi kuliondoa gari la kazi kabla ya kulizunguka, kutazama tairi, breki, taa, oili na mikanda, na kujaza karatasi ya ukaguzi. Akikuta kasoro, gari linabaki. Maelfu ya watu wa Geita, Msalala na Kahama wamefanya kazi chini ya kanuni hiyo na wanajua imewaokoa. Kisha zamu inaisha, wanatoka getini, wanapanda magari yao wenyewe yenye boljointi zinazogonga, wakiwa na watoto nyuma. Kanuni inayofaa kumlinda mtu akiwa mali ya kampuni inafaa zaidi kumlinda akiwa baba au mama wa watu.

Tena barabara inazidi kufunguka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na mtu wa Geita sasa anafika Mwanza bila kusubiri kivuko. Lami inaongezeka, na mwendo unaongezeka nayo. Kasoro iliyovumilika kwenye vumbi kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa itaua kwenye lami kwa 100.

Ndugu msomaji unayetarajia kuchukua gari mwisho wa mwezi huu, zungumza na fundi wako kabla hujazungumza na dalali, na nenda naye kulitazama gari. Tenga fedha ya fundi kutoka kwenye bajeti kabla ya kutaja bei. Gari likifika, lisibebe abiria hata mmoja mpaka tairi, breki, usukani na maji ya rejeta viwe vimekaguliwa na kuandikwa. Tinti na spika zinaweza kusubiri mwezi ujao.